Stempu za zamani za Zanzibar: namna ya kuzikusanya bila ya kuziharibu

Nilianza kukusanya stempu nikiwa na miaka 12, na kazi yangu ya mwanzo ilikuwa uharibifu mtupu. Bibi alikuwa na kopo la biskuti chini ya kitanda, limejaa barua za marehemu babu alizokuwa akizileta kutoka Chake Chake wakati wa biashara ya karafuu. Nikajaza maji kwenye karai, nikazitumbukiza bahasha zote, nikakaa kitako kusubiri stempu zibanduke. Zikabanduka. Nikazianika barazani, picha za Sultani na majahazi, nikajiona tajiri. Bahasha zenye mihuri ya posta, tarehe na mwandiko wa babu zikawa uji, nikazitupa jaani.

Zile stempu ninazo mpaka leo. Ni za kawaida, zimejaa duniani, na kwa nyingi ya hizo mtu hakupi hata bei ya andazi. Kilichokuwa adimu ni zile bahasha. Barua iliyotiwa posta Pemba, ikagongwa muhuri Pemba, ikapokelewa Unguja, haiwezi kuchapishwa tena na kiwanda chochote. Kwa hiyo mwongozo huu utakurudisha mara kwa mara kwenye neno hilo moja: tazama muhuri na bahasha kabla hujaitazama picha.

Hatua ya 1: Chagua kipande, usitake zote

Zanzibar ilikuwa na stempu zenye jina lake kuanzia Novemba 1895 mpaka mwisho wa 1967. Miaka 72 si mingi, lakini ndani yake mna masultani 6, mapinduzi 1, na hesabu za fedha za namna 3. Mwenye kutaka kila kitu atakwama mapema, na ukuta atakaokwama nao ni stempu za rupia 100 na 200. Zilitoka 1908 wakati wa Sayyid Ali bin Hamoud, na nyengine zikatoka enzi ya Sayyid Khalifa. Kwa hesabu ya rupia 15 kwa paundi moja, stempu moja ya rupia 200 ilikuwa paundi 13 na ushei. Hapana barua iliyohitaji stempu kama hiyo. Zilifaa zaidi kwenye hati na malipo ya serikali.

Chagua kitu unachoweza kukimaliza, au angalau kukijua vizuri. Mifano mitatu ninayoipenda:

Mtawala mmoja. Sayyid Khalifa bin Harub alikaa kwenye kiti kuanzia Disemba 1911 mpaka Oktoba 1960. Alizaliwa 1879, na stempu zake za mwanzo ni za 1913. Ukizipanga kwa mwaka unamwona mtu akizeeka mbele ya macho yako, kutoka kijana wa miaka thelathini na kitu mpaka mzee wa karibu 80.

Mihuri ya Pemba. Chake Chake, Mkoani, na Wete, ambayo wakoloni waliizoea kuiandika Weti. Stempu ni zile zile za Unguja. Kinachotofautisha ni muhuri tu. Hiki ndicho kipande changu, na sababu umeshaijua.

Miezi 7. Kuanzia uhuru wa Disemba 1963 mpaka stempu mpya za Juni 1964. Kipande kifupi, lakini kimejaa mambo, na kimejaa stempu feki pia.

Neno moja kabla hatujaendelea. Wenye kupenda sheria watakwambia Zanzibar haikuwa koloni, ilikuwa nchi iliyo chini ya himaya ya Uingereza kuanzia 1890. Kwenye siasa unaweza kubishana nao mpaka kahawa ipoe. Kwenye albamu wana haki yao: ukiacha zile za mwanzo zenye Malkia Victoria, ambazo zilikuwa za kuazima, na zile za 1949 za jubilii ya ndoa ya Mfalme George VI, stempu zetu hazibebi kichwa cha mfalme wa Uingereza. Zinabeba Sultani. Linganisha na za Kenya, Uganda na Tanganyika za miaka hiyo hiyo, utaona.

Hatua ya 2: Tafuta nyumbani kwanza

Usianze kununua. Anza kwa bibi, kwa ami, kwa shangazi mwenye kabati lisilofunguliwa tangu afariki mumewe. Barua za zamani zilihifadhiwa na watu walioona karatasi ni kitu cha heshima: ndani ya makopo ya biskuti, ndani ya vitabu vya hesabu za duka, chini ya nguo kwenye sanduku la njumu. Tazama pia stakabadhi na hati, maana stempu za serikali zilibandikwa huko.

Omba ruhusa kwa adabu, na useme waziwazi unataka nini: "Bibi, nataka kutazama bahasha, barua sisomi." Mimi hutoa barua kwa kibano, nikamkabidhi mwenyewe, nikabaki na bahasha. Mzee mmoja aliwahi kunikatalia miaka miwili. Mwaka wa tatu aliniita mwenyewe, akanipa bahasha 9 zimefungwa kwa uzi. Hakunipa barua hata moja, na sikuuliza.

Usinunue kwa jamaa kwa bei ya jaa. Ukiona kitu cha thamani, mwambie.

Hatua ya 3: Vifaa

Havihitaji fedha nyingi. Kibano chenye ncha bapa na laini (si kile cha nyusi chenye meno), kioo cha kukuzia kinachokuza mara 8 au 10, rula yenye milimita, taa ya mezani, kitambaa cheusi, na albamu ya mifuko ambayo stempu inachomekwa bila ya kubandikwa. Vidole havimo katika orodha. Mkono wa Unguja mwezi wa Machi una jasho hata ukiwa umekaa.

Selotepu ifiche mbali kabisa. Nimeona seti nzima ya 1913 iliyobandikwa kwa selotepu kwenye daftari la skuli. Gundi ilikuwa imeingia ndani ya karatasi na kuacha doa la rangi ya chai, na hakuna dawa.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma unachokitazama

Stempu isome kama unavyosoma kanga. Mji wa kanga unaweza kuwa maua tu, lakini maneno yako kwenye jina. Kwenye stempu za Zanzibar jina ni ile chapa iliyogongwa juu ya picha, thamani ya fedha, na muhuri.

Anza na fedha, maana inakupa umri kwa haraka. Ana na rupia: kabla ya 1908 (pai 12 ni ana moja, ana 16 ni rupia). Senti na rupia: 1908 mpaka 1935. Senti na shilingi: 1936 na kuendelea. Stempu yenye senti peke yake inaweza kukudanganya, kwa hiyo tazama na sura ya Sultani.

Sasa rudi nyuma kabisa. Kabla ya Novemba 1895 posta ya hapa ilikuwa tawi la Posta ya India. Ilifunguliwa 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena 1875. Watu walitumia stempu za India za kawaida, zenye kichwa cha Malkia Victoria, na juu ya stempu hizo hakuna neno Zanzibar popote isipokuwa kwenye muhuri. Hapa ndipo mkusanyaji maskini mwenye macho anapompita tajiri. Stempu za India za wakati huo ni nyingi na rahisi. Ukipata boksi la mchanganyiko, usitazame picha, tazama wino mweusi wa muhuri moja moja. Ukiona vipande vya herufi kama ZANZ au IBAR, iweke pembeni. Mimi nilipata tatu ndani ya boksi ambalo mwenyewe aliliita takataka.

Posta ilipotoka mikononi mwa India mwaka 1895, stempu mpya hazikuwa tayari. Zikachukuliwa zile zile za India, zikapelekwa kwenye mtambo wa gazeti la serikali hapa mjini, Zanzibar Gazette, zikagongwa neno "Zanzibar". Herufi zilipangwa kwa mkono, na mkono wa binadamu huteleza. Kuna karatasi zilizotoka na "Zanzidar", nyengine "Zanibar". Makosa hayo ndiyo yanayotafutwa na matajiri, na kwa sababu hiyo hiyo yameghushiwa mara nyingi. Mwaka 1896 stempu za Afrika Mashariki ya Waingereza nazo zikagongwa jina hilo hilo.

Na hawakuwa Waingereza peke yao. Wafaransa walikuwa na posta yao mjini kuanzia 1889 mpaka Julai 1904, na stempu za Ufaransa zilizogongwa thamani ya ana. Mwaka 1897 stempu ziliwaishia, wakachapisha za dharura kwenye nafasi nyeupe za pembezoni mwa karatasi zilizobaki. Wajerumani wao walikaa muda mfupi, kuanzia Agosti 1890 mpaka Julai 1891, wakitumia stempu zao za nyumbani bila ya kuzigonga kitu. Ukiona stempu ya Ujerumani ya miaka hiyo yenye muhuri wa Zanzibar, usiipitie juu juu.

Stempu ninayoipenda kuliko zote kwa habari yake ni ile ya Disemba 1896. Ilichapwa London na kampuni ya De La Rue, ina sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini mwenye kilemba, na pembeni bendera mbili ndogo nyekundu. Sayyid Hamad alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku mbili baadaye, asubuhi ya tarehe 27, Waingereza wakalipiga mizinga jumba la Sultani, vita vile vinavyohesabiwa kwa dakika. Akakaa Sayyid Hamoud bin Mohammed. Na miezi mitatu na zaidi baada ya maziko, posta ikaanza kuuza stempu yenye sura ya marehemu. Watu wa mjini wakabandika barua zao sura ya mtawala aliyelala kaburini mpaka 1899, ndipo stempu za Sayyid Hamoud zilipotoka.

Stempu hiyo pia ni somo zuri la alama ya ndani ya karatasi, ile unayoiona kwenye noti ukiielekeza kwenye mwanga. Ile ya 1896 ina ua moja katika kila stempu. Mwaka 1898 picha ile ile ilitolewa kwenye karatasi yenye maua mengi madogo. Mbele hutaona tofauti. Ilaze stempu kifudifudi juu ya kitambaa cheusi, taa iwe pembeni na chini, kisha igeuze geuze kwa kibano. Ua litajitokeza, kama si mara ya kwanza basi mara ya tano.

Sayyid Ali bin Hamoud alianza na stempu za 1904 ambazo hazina sura yake, zina herufi za jina lake zilizosukwa pamoja. Sura yake ikaja 1908 pamoja na senti. Za Sayyid Khalifa nitazipita mbio isipokuwa tatu. Seti ya Disemba 1936 ya miaka 25 ya utawala wake, yenye jahazi la Sultani. Ya 1944 ya kutimia miaka 200 ya ukoo wa Al Busaid, yenye jahazi na ramani inayoonyesha Zanzibar na Maskati. Na ile ya Agosti 1957, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote: karafuu, jahazi lililoandikwa "Ummoja Wema", msikiti wa Dimbani huko Kizimkazi, jumba la Kibweni. Mwanafunzi anaweza kuimaliza nyingi ya seti hii kwa fedha za sikukuu mbili tatu. Mwaka 1961 picha zile zile zilirudi na sura ya mwanawe, Sayyid Abdullah.

Kisha mambo yakaenda mbio. Tarehe 10 Disemba 1963 zikatoka stempu za uhuru zenye sura ya Sayyid Jamshid: karafuu, mlango wa nakshi, misikiti na makanisa pamoja, na mwanga wa pango la Mangapwani. Siku 33 baadaye yakaja Mapinduzi. Stempu zilizokuwamo posta zilikuwa na sura za masultani, na kuchapisha nyengine kungechukua miezi. Basi kuanzia tarehe 17 Januari 1964 zikagongwa muhuri wa mkono: JAMHURI 1964. Chapa hiyo hukaa upande, hupinda, hurudiwa mara mbili, nyengine imegeuka juu chini. Mwishoni mwa Februari zikafika zilizochapwa kwa mashine, herufi zimenyooka na safi. Tarehe 21 Juni zikatoka mpya kabisa: shoka, mkuki na kisu, mtu aliyeshika bunduki, mtu anayevunja minyororo. Stempu za peke yetu zikaendelea mpaka mwisho wa 1967.

Ukiwa na bahasha moja ya Disemba 1963, moja ya Januari yenye muhuri wa mkono, moja ya Machi na moja ya Julai, una miezi 7 mezani na hujaandika neno.

Hatua ya 5: Kubandua au kutobandua

Jibu la kawaida ni usibandue. Bahasha ikiwa nzima, muhuri ukisomeka, anuani ikiwepo, iache kama ilivyo. Ikiwa bahasha imechanika lakini muhuri mzima, kata kipande kikubwa chenye stempu na muhuri wote, uache na nafasi pembeni.

Bandua pale tu ambapo stempu iko kwenye kipande kidogo kisicho na muhuri wa maana. Kata karatasi uache kama sentimita 1 pande zote. Tia maji safi ya uvuguvugu kwenye sahani bapa, weka stempu moja au mbili, uso juu. Usizitie zote pamoja kama nilivyofanya mimi. Subiri dakika 15 mpaka 30. Karatasi iteleze yenyewe. Ikigoma, ongeza muda, usivute. Isuuze nyuma kwa maji mengine ili gundi iishe, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi (gazeti linaacha wino), na ikikaribia kukauka iweke katikati ya karatasi mbili safi ndani ya kitabu kizito kwa usiku mmoja.

Ambazo hazitiwi maji kamwe: zilizogongwa JAMHURI kwa muhuri wa mkono, maana wino wake unaweza kukimbia, zilizo kwenye bahasha ya rangi kali, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, na ambayo haijatumika, yenye gundi yake ya asili nyuma. Gundi hiyo ni sehemu ya bei.

Hatua ya 6: Ichunguze

Hesabu meno: hesabu matundu yaliyomo ndani ya sentimita 2 za ukingo. Zile za De La Rue za 1896 ni 14. Tazama pembe zote nne, tazama nyuma kama pana sehemu nyembamba iliyochunwa (kwenye kitambaa cheusi itaonekana kama kiwingu), na tazama kama muhuri ni wa posta au ni wa ofisi ya ushuru. Zile za rupia nyingi nyingi zilitumika kwenye hati, na wapo watu waliosugua wino wa hati ili ziuzwe kama mpya. Chini ya kioo cha kukuzia utaona nyuzi za karatasi zimesimama.

Kwa chapa za JAMHURI nina mtihani mmoja niliojifunza kwa gharama. Duka moja la vitu vya kale mjini lilikuwa na stempu ya karafuu iliyogongwa JAMHURI 1964 kwa muhuri wa mkono.

"Hii ya Mapinduzi khasa, mwanangu," akasema mwenyewe. "Zimebaki mbili tu."

"Ami, nipunguzie."

Akanipunguzia haraka mno, na hilo peke yake lingenitosha. Nyumbani nikawasha taa. Wino wa JAMHURI ulikuwa umekaa juu ya wino wa muhuri wa posta. Stempu halali iligongwa JAMHURI kwanza, kisha ikauzwa, ikabandikwa, ndipo ikapigwa muhuri wa posta. Kwa hiyo muhuri wa posta ndio unaotakiwa uwe juu. Nikasoma na tarehe: siku ya 11, Januari 1964. Jamhuri imetangulia Mapinduzi kwa siku moja! Ninayo bado, nimeiandikia FEKI kwa penseli nyuma, na kila anayekuja kujifunza namuanzia na hiyo.

Mtihani huo wa tarehe unafaa kwa stempu zote. Muhuri wenye tarehe ya kabla stempu haijatoka ni uongo, wala huhitaji mtaalamu.

Hatua ya 7: Kununua

Mji Mkongwe una maduka ya vitu vya kale, hasa Gizenga na Hurumzi, ambayo hukaa na bakuli au albamu ya stempu karibu na sarafu. Bei zao zimetengenezwa kwa watalii, na wengi hutaja dola. Nenda masika, Aprili au Mei, mvua zikiwa zimewafukuza wageni. Kaa, kunywa kahawa, uliza habari za watoto. Usiulize stempu mwanzo.

Ukinunua kwenye mtandao, dai picha ya mbele na ya nyuma, kubwa na yenye mwanga. Muuzaji anayeonyesha mbele tu ana jambo. Kwa stempu ghali kama "Zanzidar", bila ya cheti cha wataalamu usitoe fedha.

Katalogi ya Stanley Gibbons ndiyo inayotumiwa na wengi kwa stempu hizi, na nambari zake ndizo utakazokutana nazo kila unapouziwa. Itumie kutambua, lakini bei zake zichukue kwa makini: ni bei ya duka la London kwa stempu isiyo na kasoro. Iliyopinda pembe na doa la kutu haihusiani na bei hizo. Na ukisikia mtu anakwambia stempu ni akiba kama dhahabu, muulize lini aliuza yake.

Pia kuna mambo ya kutazama bila ya kununua. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina magazeti na majalada ya serikali ya zamani, na ukiomba kwa utaratibu utasoma matangazo ya posta yenyewe, siku ya kufungua na siku ya kufunga. Hakuna cha kubeba pale isipokuwa maandishi yako. Na ukibahatika kufika London, kuna makumbusho ya posta yanayohifadhi albamu ya stempu ya mtoto mmoja wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa 1946 na ambaye dunia baadaye ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Zetu zimo mle.

Hatua ya 8: Kuzihifadhi katika hewa ya visiwani

Vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya vinakutisha na mwanga wa jua. Hapa adui ni unyevu. Hewa ya bahari inalainisha gundi, stempu mbili mpya zinagandana uso kwa mgongo, na madoa ya kahawia yanaanza kama chembe za pilipili manga.

Weka albamu ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya chembe chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo hunyonya maji mpaka vishibe, basi kila mwezi viweke karibu na joto vikauke, virudishe. Albamu isimame wima kama kitabu kwenye rafu, isilazwe na kubebeshwa nyengine. Mbali na ukuta wa nje, hasa nyumba za mawe za mjini ambazo chokaa yake inatoa jasho masika nzima. Siku kavu ya kaskazi, Januari hivi, fungua kurasa zipate hewa kivulini kwa saa moja.

Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali usiitumie, inakula wino baada ya miaka. Usitie leminesheni. Kafuri au vidonge vya kufukuzia mende visigusane na kurasa. Na kwa jamaa zangu wa Pemba: karafuu ndani ya sanduku la nguo ni jambo zuri, ndani ya albamu zinaacha mafuta. Najua kwa sababu nilishaulizwa, tena na mtu mzima.

Hatua ya 9: Andika ukurasa

Stempu isiyoandikiwa itakufa na wewe. Wajukuu wataona karatasi tu. Kwa kila bahasha andika mambo haya chini yake, kwa penseli laini: stempu gani na ya mwaka gani, muhuri wa wapi na tarehe gani, ilitoka kwa nani kwenda mtaa gani (kama mwenyewe ameridhia), na wewe uliipata lini na kwa njia gani.

Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Senti 15, seti ya 1957. Muhuri wa Chake Chake, siku inasomeka, mwezi umefifia. Imeandikiwa mwenye duka, Mkunazini. Nimepewa na mzee wa Malindi, bahasha ya 4 kati ya 9. Barua amebaki nayo mwenyewe."

Mwaka jana nilimuonyesha jirani yangu ukurasa huo. Akavaa miwani, akatazama anuani kwa muda mrefu, akaniambia lile duka halikuwa Mkunazini, lilikuwa nyuma kidogo, upande wa Hurumzi, na yeye alikuwa akitumwa pale na mama yake kununua mafuta ya taa. Mwenye kuandika bahasha alikosea, na barua ikafika vivyo hivyo, kwa sababu mtu wa posta alimjua mwenye duka. Nikachukua ufutio.